Picha ya Krismasi na Faida Zake

Desemba ikibisha hodi, kila gari litokalo Nairobi huonekana kana kwamba linakwenda Othaya. Matatu hujaa pomoni, nauli hupanda bila aibu, na juu ya keria kuna magodoro na mabunda ya unga wa chapati. Wengine hupitia Sagana, Karatina na Nyeri mjini. Wengine hukata njia ya Murang'a na Kiria-ini. Wote wanakwenda kwa cucu.

Huko mbuzi huchinjwa, mutura huchomwa, na baada ya ibada ya tarehe 25 sauti husikika: "Haya, kujeni picha!" Jambo hili wengi hulichukulia kuwa mchezo tu. La hasha!

Katika miaka ya 1990, kamera nyingi zilitumia filamu ya picha 24 au 36, kwa hivyo kila picha ilikuwa na gharama. Watu walisimama wima kama askari wa gwaride, cucu akawekwa kitini katikati. Filamu ilipelekwa mjini kusafishwa, na picha zikatiwa katika albamu ambayo mgeni alipewa pamoja na chai. Siku hizi simu hupiga picha mia kabla chai haijapoa. Lakini wingi si hoja: simu ikiibwa, Krismasi nzima imekwenda nayo.

Je, picha nzuri hupatikanaje? Kwanza, chunga jua. Sisi tuko karibu na ikweta, hivyo saa sita mchana jua huwa juu sana na vivuli huangukia macho, hasa ya wenye kofia na vilemba. Afadhali asubuhi au saa kumi alasiri. Pili, usiwapange watu mbele ya anga jeupe. Kamera hupima mwangaza wa anga, nyuso zikatoka nyeusi ti! Wapange mbele ya majani chai. Tatu, ukiutaka Mlima Kenya, wenye mita 5,199, uamke alfajiri. Jua likishapanda, hewa yenye unyevu hupaa kwenye miteremko, hupoa, ikageuka mawingu, na mlima ukajifunika shuka.

Lililo kuu ni hili. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Wasichana nao hupewa ya bibi zao vivyo hivyo. Picha humwonyesha mtoto uso wa mwenye jina lake. Lakini ni nyumba ngapi ambazo mzee akifariki, picha ya tanzia hukatwa kutoka ile ya Krismasi, mkono wa mtu mwingine ungali begani? Na ni albamu ngapi ambamo wajukuu huulizana, "Sasa huyu ni nani?" ilhali aliyejua amekwisha kuzikwa?

Basi likizo ijayo, chagueni picha mbili tatu, mzisafishe, na nyuma yake mwandike majina, mahali na mwaka kwa kalamu ya risasi. Mwulizeni cucu majina hayo angali hai. Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari.