Fahamu: Zebaki iliyo hewani inatoka wapi?

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) linakadiria kuwa mwaka 2015 shughuli za binadamu zilitoa hewani takriban tani 2,220 za zebaki.

Chanzo kikuu ni kipi?
Ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, wenye asilimia 38 hivi. Katika maeneo kama Geita na Chunya, Tanzania, wachimbaji huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huchoma donge linalopatikana. Dhahabu hubaki, zebaki hupaa kama mvuke. Wa kwanza kuuvuta ni mchomaji na walio karibu naye.

Vyanzo vingine?
Uchomaji wa makaa ya mawe, takriban asilimia 21, ukifuatiwa na uyeyushaji wa madini kama shaba na risasi, na viwanda vya saruji.

Zebaki ina madhara gani?
Mvuke wake hudhuru ubongo, mapafu na figo. Zebaki ikitua majini, bakteria huigeuza kuwa sumu inayojilimbikiza kwenye samaki, hatari hasa kwa mtoto aliye tumboni.

Nini kifanyike?
Mkataba wa kimataifa wa Minamata, ulioanza kutumika 2017, unazitaka nchi wanachama kupunguza matumizi ya zebaki. Kuchomea donge lenye zebaki ndani ya chombo kinachonasa mvuke huokoa afya na zebaki yenyewe. Wachimbaji wadogo wapatiwe vifaa hivyo, pamoja na mafunzo, bila kucheleweshwa.