Je, Wajua Kiraka cha Kompyuta Humwonesha Mwizi Tundu?

Kiraka cha usalama ni kipande cha programu kinachoziba kasoro ndani ya programu nyingine. Lakini kikishatolewa, wadukuzi nao hukipakua. Hukilinganisha na programu ya zamani mpaka waone kilichobadilishwa, na hapo ndipo tundu lilipokuwa. Aliyekwisha kusasisha yuko salama nalo. Aliyeachwa wazi ni yule aliyebonyeza "Nikumbushe baadaye".

Tarehe 14 Machi 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha Windows. Mwezi mmoja baadaye, nyenzo ya kudukulia kupitia tundu hilohilo, iliyotengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, ilivujishwa mtandaoni. Tarehe 12 Mei kikazuka kirusi kiitwacho WannaCry, kikihama kompyuta hadi kompyuta bila mtu kubonyeza chochote. Kilifunga mafaili, kikaweka kwenye skrini tangazo jekundu: lipa dola 300, na saa inakwenda. Kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150 hivi zilipatwa. Uingereza, hospitali za umma zilifuta miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kufikia 19,000. Dawa ilikuwapo kwa siku 59.

Programu ya kuzuia virusi nayo ni hivyohivyo. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kulinganisha mafaili na orodha ya alama za virusi vinavyojulikana. Ukiiacha na orodha ya mwaka jana, umemweka mlinzi getini na picha za wezi wa mwaka jana.

Hata hivyo, kusasisha kunaudhi, na wanaolalamika wana haki. Bando la wiki nzima huisha asubuhi moja. Kwenye duka la kutoa kopi, mteja amesimama na flashi mkononi, barua yake ya kuomba kazi haijachapishwa, na skrini inasema: asilimia 27, usizime kompyuta. Tena sasisho lenyewe laweza kuwa bovu. Tarehe 19 Julai 2024, faili moja lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta kama milioni 8.5, na safari nyingi za ndege zikafutwa. Kampuni ililiondoa ndani ya dakika 78, lakini ilibidi mafundi wazifikie kompyuta nyingi moja moja.

Pima hasara hizo mbili. Kompyuta iliyoangushwa na sasisho bovu, fundi akishaitengeneza, kwa kawaida huamka na mafaili yake. Mafaili yaliyofungwa na kirusi, kama hukuweka nakala kwenye diski ya pembeni, mara nyingi hayarudi, hata ukilipa.

Basi chagua saa yako kabla kompyuta haijakuchagulia. Nakili kazi zako, chomoa diski uiweke kando. Mteja wa mwisho akishaondoka, usiizime kompyuta. Iache isasishe, wewe ukifagia duka.