WATU WENGI WAMESIMAMA, NANI ATASAIDIA?



Jambo hili tumeliona mara nyingi viwandani na mashambani. Mtu akiumia mahali penye mwenzake mmoja tu, huyo mmoja hukimbia kumsaidia. Akiumia mbele ya watu 30, mara nyingi wote husimama wakitazama. Baadaye tunalaumiana kwamba watu wa siku hizi wana roho mbaya. Lawama hiyo haitusaidii, kwa maana haielezi sababu.

Tarehe 13 Machi 1964, mjini New York, Marekani, mwanamke aitwaye Kitty Genovese alichomwa kisu usiku akirudi nyumbani kutoka kazini, akafa. Gazeti moja liliandika kwamba majirani 38 walitazama na hakuna aliyewapigia polisi simu wakati akishambuliwa. Baadaye ilijulikana kuwa habari hiyo ilitiwa chumvi: walioona vizuri walikuwa wachache, na mama mmoja jirani alishuka akampakata mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Lakini habari ile iliwafanya wataalamu wawili, John Darley na Bibb Latané, wafanye uchunguzi.

Waliwaweka wanafunzi kila mmoja chumba chake, wakizungumza kwa vipaza sauti. Ghafla ikasikika sauti ya mmoja wao kama mtu aliyeshikwa na kifafa. Sauti hiyo ilikuwa imerekodiwa, lakini wao hawakujua. Matokeo yalitolewa mwaka 1968. Waliodhani ni wao peke yao waliosikia, 85 katika kila 100 walitoka kwenda kutoa habari kabla sauti haijanyamaza. Waliodhani wako wengine wanne wanaosikia, ni 31 tu katika kila 100. Na wale wasiotoka hawakuwa na moyo wa jiwe. Walikutwa wanatetemeka, viganja vina jasho, wakiuliza kama mgonjwa yu salama.

Basi tatizo ni nini? Sisi tunaona mambo matatu.

Kwanza, mzigo wa wote huwa si wa mtu. Kila mmoja hufikiri mwingine amekwisha kwenda kuita msaada.

Pili, tunatazamana. Mimi nakuona wewe umetulia, nadhani hakuna hatari. Wewe nawe unaniona mimi nimetulia, unadhani hivyo hivyo.

Tatu ni hofu: hofu ya nyapara, ya kukatwa mshahara, ya kuitwa polisi kutoa ushahidi.

Katika shamba moja la chai, mwenzetu wa kupiga dawa alianguka katikati ya mistari, jasho na mate yanamtoka. Wachumaji wakasimama na vikapu vyao mgongoni. Huyu alidhani amelewa, yule alimngojea nyapara, mwingine aliogopa kupungukiwa na kilo zake za siku. Ndipo mama mmoja akatua kikapu, akawaita wawili kwa majina: wewe mvue hizo nguo zenye dawa, wewe kimbia kwa dresa. Watu wale wale waliokuwa wamesimama ndio waliombeba hadi barabarani. Mtu huyo alipona.

Mama yule hakuwa na elimu ya udaktari. Alichofanya ni kugawa kazi. Tuna desturi ya kusema Umoja ni Nguvu, na ni kweli, lakini watu 30 wasio na kazi waliyopangiwa ni kundi tu.

Kwa hiyo tunaliomba kila tawi lifanye haya:

1. Kila zamu na kila kikosi cha shamba kiwe na watu watatu wanaojulikana kwa majina. Mmoja azime mashine au umeme kabla mtu yeyote hajamgusa aliyenaswa. Wa pili akae na majeruhi. Wa tatu amwite dresa na kutafuta gari. Ikiwa ni sumu, aende na kopo la dawa ili daktari asome maandishi yake.

2. Ukiumia wewe mwenyewe, usipige kelele za "jamani" tu. Mtaje mtu kwa jina, umwambie la kufanya.

3. Chama kipatane na mwajiri, kwa maandishi, kwamba anayeacha kazi kumsaidia aliyeumia hakatwi senti wala kupewa barua ya onyo. Hofu hii ya mshahara mtu mmoja hawezi kuiondoa peke yake. Ndiyo maana tuna chama.

Wazee walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mashine iliyomkata mwenzako leo, kesho utasimama mbele yake wewe. Majina ya watu watatu wa kila zamu yasomwe katika mkutano ujao wa tawi, kisha yabandikwe ukutani, mahali ambapo kila mtu atayaona.