Kamera Husoma Plaki, Orodha Huandikwa na Nani? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza namna kamera inavyosoma plaki: lenzi hupiga picha ya chombo kinachopita, programu hutambua herufi na tarakimu, kisha huzilinganisha na orodha ya namba zinazotafutwa, yote kwa kufumba na kufumbua. Ufundi huu si wa jana. Wataalamu wa polisi ya Uingereza waliubuni mwaka 1976, na sasa umeshafika kwa majirani zetu. Mwaka 2014, baada ya shambulio la Westgate, serikali ya Kenya iliipa kampuni ya Safaricom mradi wa usalama uliohusisha kamera zipatazo 1,800 katika miji ya Nairobi na Mombasa. Huko Kigali, kamera za mwendo ambazo raia wamezibatiza jina la Sofia husoma plaki, na faini humfikia mwenye gari kwa ujumbe wa simu. Uganda nayo ilitia saini mwaka 2021 mkataba na kampuni ya Kirusi ili magari na pikipiki zote zivae plaki za kielektroniki. Kwa hiyo ni busara kuuliza mapema chombo hiki kingefanya nini kama kingesimikwa hapa Kisangani, kwenye njia zinazotoka Mangobo kwenda Makiso. Hoja yangu ni kwamba jicho la mashine halina thamani kubwa kuliko daftari lililo nyuma yake. Mji unaotanguliza kamera na kuliacha daftari nyuma hujinunulia kifaa cha kuwaona watiifu peke yao.

Tuanze na barabara yenyewe. Anayesafirisha watu wa Mangobo ni motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, zaidi ya gari, na kabla yake alikuwa mwendesha baiskeli ya toleka. Sheria ya barabara ya nchi yetu, ya tarehe 30 Agosti 1978, iliandikwa wakati ambapo hakuna aliyedhani kwamba siku moja usafiri wa mji ungebebwa na pikipiki. Leo pikipiki hupita mikononi mwa watu kadhaa, na mara nyingi karatasi hubaki kwa jina la mnunuzi wa kwanza. Nyingine hazina plaki kabisa. Mbele ya kamera zingepita pikipiki za namna tatu. Isiyo na plaki haisomeki, basi dereva wake yuko huru. Yenye plaki iliyobaki kwa jina la mmiliki wa zamani humtia hatiani mtu aliyekwisha kuiuza. Iliyo na plaki halali na karatasi zilizokamilika ndiyo pekee inayonaswa sawasawa. Matokeo yake ni kwamba aliyelipia kila kitu ndiye anayetozwa faini, na asiyelipia chochote anapita. Mashine inayofanya kazi hivyo inamfundisha motari kuing'oa plaki yake.

Kuna kosa la pili, la hatari zaidi. Mwezi wa Agosti 2020, katika mji wa Aurora huko Colorado, Marekani, polisi walilisimamisha gari la familia moja, wakawalaza watoto kifudifudi juu ya lami na kuwaelekezea bunduki. Kamera haikukosea kusoma. Namba ile ilikuwa kweli katika orodha ya vyombo vilivyoibwa, lakini iliyoibwa ilikuwa pikipiki ya jimbo la Montana, na gari lile lilikuwa la Colorado. Namba zililingana, jimbo halikulingana, na askari hawakusubiri kuhakikisha. Mwaka 2024 mji ulikubali kulipa fidia ya dola milioni 1.9. Sisi pia tuna plaki ambazo jimbo hutambulishwa na tarakimu mbili za mwisho, tena tarakimu ambazo matope ya msimu wa mvua huzifunika kirahisi. Kosa kama hilo likitokea Mangobo usiku, mbele ya askari mwenye silaha, sioni mfuko wa umma ambao ungemlipa aliyeumizwa.

Wapo watakaosema kwamba hata hivyo mashine haili rushwa, na mateso ya motari mbele ya polisi wa rulaji, wale wa barabarani, yangekwisha. Hoja hii ina uzito. Mwaka 2013 Kinshasa ilianza kuweka kwenye njia panda zake maroboti ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, yenye taa za kuongoza magari na kamera za kurekodi, na madereva wengi waliyapokea vizuri. Lakini tuangalie rushwa yenyewe inatoka wapi. Watafiti wakiongozwa na Raúl Sánchez de la Sierra waliichunguza polisi ya barabarani ya Kinshasa kwa undani, wakakuta kwamba mapato halisi ya idara ile ni mara tano ya faini zinazoandikwa. Fedha hizo hazikutokana na tamaa ya askari mmoja aliyesimama juani. Zilitokana na ushirika wa askari, wakubwa wao na maofisa wa polisi ya mahakama, ambamo mkubwa humpangia askari idadi ya madereva wa kupeleka kituoni. Kamera inaweza kuchukua nafasi ya askari wa njia panda, lakini wale wawili waliobaki wako ofisini, na orodha iko ofisini vilevile. Anayeweza kuingiza namba ya mtu katika orodha, au kuifuta kwa malipo, anakuwa na biashara kubwa kuliko ile ya filimbi, tena isiyoonwa na mpita njia yeyote.

Wengine watatukumbusha wizi wa pikipiki na ujambazi wa usiku. Ni kweli, na raia wa Mangobo ana haki ya kulindwa. Lakini kuitafuta pikipiki iliyoibwa kunahitaji orodha fupi ya vilivyoibwa na kulinganisha mara moja. Hakuhitaji kuhifadhi safari za watu wote. Katika jimbo la New Hampshire, Marekani, namba isiyo na shida lazima ifutwe ndani ya dakika tatu. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua mwaka 2018 kwamba hata plaki inayosomwa na kufutwa papo hapo imeingilia haki ya mwenyewe, na kwa hiyo polisi lazima wawe na sababu nzito ya kuisoma. Nchi hizo zina wezi pia.

Linabaki lile jibu la kila siku, kwamba asiye na hatia hana cha kuogopa. Kisangani ni mahali pabaya pa kulisema jibu hilo. Mji huu ulichukuliwa na waasi wa Simba mwaka 1964, na wale wa AFDL mwezi wa Machi 1997, na wale wa RCD mwaka 1998, na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani yake kwa siku sita. Tarehe 14 Mei 2002, baada ya uasi wa asubuhi, wanajeshi wa RCD-Goma waliingia Mangobo wakaua, wakabaka na kupora, bila kubagua nani alishiriki na nani alikuwa nyumbani kwake. Daftari la safari za watu lililoandikwa na mtawala mwema hurithiwa na yeyote anayekuja baada yake, na kuanguka kwa Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025 kumeonyesha kwamba urithi wa namna hiyo si jambo la vitabu vya historia. Hata penye amani shaka ina pa kuegemea: huko Birmingham, Uingereza, mwaka 2010, kamera zaidi ya 200 zilizolipiwa kwa fedha za kupambana na ugaidi ziliwekwa katika mitaa ya Waislamu, huku wakazi wakiambiwa ni za kuzuia uhalifu wa kawaida. Ukweli ulipojulikana, zilifunikwa mifuko na kisha kung'olewa.

Sisemi teknolojia ikataliwe. Nasema kazi ifuate utaratibu. Kwanza, kuhamisha umiliki wa pikipiki kuwe rahisi na kwa bei ambayo motari anaweza kuimudu, hapo hapo kwenye komine. Pili, kila namba inayoingia katika orodha au kutoka ibebe saini ya ofisa anayejulikana, na raia awe na mahali pa kuipinga. Tatu, muda wa kuhifadhi uandikwe katika sheria: Katiba inalinda maisha ya faragha katika kifungu cha 31, na Sheria ya Mambo ya Kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 imekwishaweka msingi wa kulinda taarifa za watu. Mambo hayo matatu yanagharimu karatasi, wino na nia ya viongozi, na yana faida hata kama kamera haitafika kamwe. Juma lijalo tutaingia katika lile la kwanza, tuone kwa nini karte rozi, ile karatasi ya usajili wa pikipiki, humshinda motari kabla hajatoka dukani.