Niutro ya Pili: Kubadili Transifakesi ya Umeme kwa ya Leva katika Ford F-150 na Bronco za Mwanzoni mwa Miaka ya 1990

Ikisiri

Makala hii inafafanua kazi ya kuondoa transifakesi inayobadilishwa kwa mota ya umeme na kufunga inayobadilishwa kwa leva ya mkono. Mfano unaotumiwa ni Borg-Warner 1356, ambayo kampuni ya Ford ya Marekani iliifunga katika magari ya F-150 na Bronco. Hoja kuu ni kwamba ubadilishaji haukamiliki kwa bolti kuingia katika matundu yake. Hukamilika pale ambapo kila kazi ya mfumo ulioondolewa imepata mtendaji mwingine.

1.0 Utangulizi

Gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne linapozeeka, gia zake mara nyingi hubaki nzima ilhali waya, swichi na mota huchakaa. Dereva hubonyeza kitufe akiwa matopeni na magurudumu ya mbele yasishike. Badala ya kuendelea kutafuta hitilafu ya umeme, wapo wanaochukua transifakesi ya leva kutoka katika gari jingine la aina hiyo hiyo na kuifunga. Swali la kwanza katika gereji huwa ni kama kifaa kitaingia. Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Inapaswa kuulizwa pia ni kazi gani iliyofanywa na mfumo wa zamani ambayo mpya hautaifanya.

2.0 Transifakesi na utendaji wake

Transifakesi ni kasha la gia lililofungwa nyuma ya giaboksi. Hupokea mzunguko wa giaboksi na kuupeleka kwenye shafti ya propela ya nyuma peke yake au, kwa kupitia mnyororo, kwenye ya mbele pia. Katika BW1356, gia za mfumo wa sayari hutoa kasi mbili: ya juu, isiyobadilisha mzunguko, na ya chini, yenye uwiano wa 2.69 kwa 1. Kwa mfano, shafti itokayo kwenye giaboksi ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, shafti za propela huzunguka mara 2,000 katika kasi ya juu na takribani mara 743 katika kasi ya chini. Mwendo hupungua na nguvu ya kuvuta huongezeka. Alama 2H humaanisha magurudumu ya nyuma tu kwa kasi ya juu. 4H, yote manne kwa kasi ya juu. Na 4L, yote manne kwa kasi ya chini.

3.0 Kazi tatu za mfumo wa umeme

Mfumo wa umeme hufanya kazi tatu. Kwanza, husogeza: mota huzungusha kamu inayosukuma uma za kuchagua gia. Pili, hulinda: kitengo cha udhibiti hukataa kuingiza 4L gari likiwa katika mwendo wa kasi. Tatu, huarifu: huwasha taa za dashibodi na, katika magari yenye giaboksi ya otomatiki ya E4OD, kompyuta hupewa ishara kwamba 4L imeingia ili irekebishe ubadilishaji wa gia.

Leva hurithi kazi ya kwanza pekee. Ya tatu huweza kuchukuliwa na swichi iliyo kwenye transifakesi ya leva, kwa sharti kwamba fundi aunganishe waya zake. Ya pili hairithiwi na kifaa chochote. Humwangukia dereva, ambaye sasa lazima asimamishe gari yeye mwenyewe kabla ya kuingiza 4L.

4.0 Niutro mbili

Transifakesi ya umeme ya aina hii humpa dereva nafasi tatu tu. Ya leva ina ya nne, N, iliyo kati ya 4H na 4L, na kila safari ya kwenda 4L hupitia hapo. Leva ikibaki N, giaboksi haiunganishwi na ekseli yoyote.

Hapo ndipo ilipo hatari. Dereva aliyezoea otomatiki huegesha kwa kuweka P, na P huingiza kipingo kinachofunga shafti itokayo kwenye giaboksi. Kipingo hicho kiko kabla ya transifakesi. Kwa hiyo, transifakesi ikiwa N, P hufunga shafti isiyoshika gurudumu lolote, na gari lililoegeshwa mteremkoni linaweza kuondoka lenyewe hata kama ufunguo umo mfukoni mwa dereva. Hali ni hiyo hiyo kwa giaboksi ya mkono iliyoachwa katika gia. Kinacholizuia gari ni breki ya kuegesha, kwa kuwa hukamata magurudumu ya nyuma moja kwa moja.

Tatizo hili lina upande wa lugha pia. Neno niutro likitajwa peke yake, msikilizaji hufikiria giaboksi. Agizo la "weka niutro" kabla ya kuingiza 4L linakusudia giaboksi, lakini katika gari lenye leva mbili halisemi ni leva ipi. Inapendekezwa kwamba maandishi ya ufundi yataje kikamilifu "niutro ya giaboksi" na "niutro ya transifakesi".

5.0 Ufungaji na ukaguzi

Kabla ya kununua, hulinganishwa idadi ya meno ya shafti ya kuingilia, mpangilio wa bolti na aina ya kiungio cha shafti ya propela ya nyuma, kwani kipo kisichosogea na kipo cha kuteleza. Leva na mabano yake hutegemea giaboksi, hivyo ni bora vitoke katika gari lenye giaboksi ileile. Tundu la leva sakafuni huzibwa kwa mpira wake ili maji na moshi visiingie. Oili inayotumika ni ya giaboksi ya otomatiki, takribani lita 1.9, wala si oili nzito ya difu.

Hatua ya mwisho ni kurekebisha fimbo ya leva, kwa sababu fimbo isiyo na urefu sahihi huweza kuifanya leva ionyeshe 4H ilhali uma haujafika. Kwa gari la otomatiki, jaribio ni rahisi. Magurudumu yote huinuliwa juu ya stendi imara, injini huzimwa, giaboksi huwekwa P na breki ya kuegesha huachiwa. Kisha shafti za propela huzungushwa kwa mkono. Katika 2H, ya nyuma hukataa na ya mbele huzunguka. Katika 4H na 4L, zote mbili hukataa. Katika N, zote mbili huzunguka, na mwenye gari akiliona hilo kwa macho yake huelewa kwa nini P haitoshi.

6.0 Hitimisho

Kuondoa umeme hupunguza vitu vinavyoweza kuharibika, lakini hakupunguzi maamuzi yanayopaswa kufanywa. Huyahamisha kutoka kwenye kifaa hadi kwa mtu. Kwa sababu hiyo, fundi anayekabidhi gari hana budi kukabidhi pia maelezo: simamisha gari kabla ya kuingiza 4L, hakikisha leva haikubaki N, na kaza breki ya kuegesha kila mara unaposhuka.