Korogwe au Handeni: Ulale Wapi, Utumie Kiasi Gani

Watu wengi wanaijua Korogwe kupitia dirisha la basi. Basi la Moshi au Arusha linasimama, abiria wanashuka kujinyoosha na kununua chipsi kwa bei ya wasafiri, konda anaita, safari inaendelea. Handeni hata hilo haipati, kwa kuwa imekaa pembeni ya barabara kuu. Kwa hiyo anayetaka kutumia siku chache huko, aone mto Pangani, mashamba ya mkonge, vijiji vya chai vya milimani na Uzigua, mara nyingi hana wa kumwelekeza. Ushauri wangu ni huu: lala kote kuwili, uingilie Korogwe na utokee Handeni.

Hesabu ya nauli inaonyesha sababu. Katika viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vilivyoanza kutumika Desemba 2023, nauli ya basi la daraja la kawaida kwenye lami ilikuwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita, na ya daraja la kati 67.84. Dar es Salaam hadi Korogwe ni kama kilomita 300, yaani takriban 14,500 kwa basi la kawaida na 20,400 kwa la kati. Handeni haiko mbali zaidi: unaiacha barabara kuu pale Mkata, unaongeza kilomita 54 za lami, na jumla inakaribia 300 zile zile. Kati ya Handeni na Korogwe ni kilomita 65, kama shilingi 3,200. Ukiifanya Korogwe kambi, uende Handeni na kurudi kisha ugeuze Dar, utasafiri kilomita 730 hivi. Ukizunguka, 665. Unaokoa karibu 3,200, hela ya mlo mmoja kwa mama lishe, na njia nzima usiyolazimika kuirudia.

Panda basi la Lushoto au linaloishia Korogwe. Msimu wa Krismasi baadhi ya mabasi ya Arusha humtoza anayeshukia njiani nauli ya safari nzima, na ukishakaa kwenye kiti huna pa kubishania. Uliza kabla ya kulipa, na hakikisha tiketi imeandikwa kituo chako.

Treni ya Dar hadi Moshi, iliyorudi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, inapita Korogwe pia. Daraja la tatu ni nafuu, na reli yenyewe ina historia: Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Korogwe mwaka 1902. Ila safari ni ya usiku na Korogwe iko katikati, kwa hiyo unashuka saa ambayo gesti nyingi zimeshafunga geti. Ulichookoa kwenye tiketi utampa bodaboda. Ichague kama umekwisha kulipia chumba na mwenyeji anakungoja.

Malazi hayatofautiani sana. Miji yote miwili ina gesti safi za bei ya kawaida, na mji ukiwa na ugeni wa mkutano au msiba mkubwa bei hupanda kidogo. Mimi huuliza vitu viwili kabla ya kuuliza bei: maji na chandarua. Maji ya Handeni yana historia ndefu ya shida. Mji umetegemea bomba kuu la Handeni (HTM) linaloyavuta kutoka mto Pangani, upande wa Korogwe, na mradi wa maji wa miji 28 umekuja kuongeza nguvu. Gesti yenye tenki kubwa inastahili nyongeza ya elfu tano. Chandarua nacho si cha kujadili: Korogwe ilikuwa mojawapo ya vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, na watafiti hawakuifuata malaria mahali isipokuwepo.

Chakula ni mambo ya hatua chache. Hoteli za mabasi zina bei yake. Vuka barabara uelekee sokoni, sahani inashuka bei na wingi unaongezeka. Handeni tafuta bada, yaani ugali wa muhogo, na mboga ya mchunga. Anayekula ugali wa mahindi kila siku atashangaa jinsi uchungu wa ile mboga unavyokaa vizuri na muhogo.

Fedha nyingi huenda kwenye bodaboda. Bungu, Dindira na Vugiri ziko juu ya Korogwe, kwenye Usambara Magharibi, na njia ni ya vumbi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia huteleza na bei hupanda, tena kwa haki, maana dereva anahatarisha chombo chake na maisha yenu wote wawili. Peke yako, panda gari la abiria la asubuhi linalopandisha wanakijiji, ushuke nalo likirudi. Mkiwa wanne, kodini Noah na mkubaliane bei ya siku nzima, mafuta yakiwemo. Bei ya kwenda tu ni mtego: mkiwa juu jua linazama, hamna nguvu ya kupatana.

Kwa wapenda maji, Hale iko karibu, upande wa barabara ya Tanga. Kituo chake cha umeme cha megawati 21, kilichojengwa chini ya ardhi, kilianza kazi mwaka 1964. Ndani huingii bila kibali cha TANESCO, na maporomoko ya mto hapo hupungua sana maji yanapoelekezwa kwenye mitambo, kwa hiyo usikodi gari kwa ajili ya Hale peke yake. Unganisha na Magoroto, wilayani Muheza, kwenye ziwa dogo ndani ya msitu. Huko kuna kiingilio na kupanda mlima ni gharama nyingine, lakini kwa familia yenye watoto ningelipa Magoroto kabla ya kulipa Hale.

Siku ya mwisho iwe Handeni. Kata tiketi ya Dar jioni ya kuamkia safari, kwa sababu mabasi huondoka alfajiri, na aliyechelewa huishia kuunganisha magari hadi Mkata na kusimama barabarani akisubiri basi lenye nafasi.