Sukari ikiuzika mara nne, usiagize mara nne

Tuseme una duka Mbagala, unauza mifuko 100 ya sukari kwa mwaka. Kila safari ya kufuata mzigo Kariakoo inakula shilingi 8,000, ubebe mifuko mitatu au kumi. Ukijaza stoo ili upunguze safari, mtaji unalala, na panya nao wana lao. Tuseme kila mfuko ukikaa stoo mwaka mzima unakugharimu 16,000. Sasa ubebe mingapi kwa mpigo?

Mwaka 1913 Mmarekani Ford W. Harris alichapisha kanuni yake: zidisha 2 kwa mauzo ya mwaka, kisha kwa gharama ya safari, gawanya kwa gharama ya kuweka mfuko, tafuta kipeuo cha pili. Unapata 10. Safari zinakula 80,000 kwa mwaka, na stoo, yenye wastani wa mifuko 5, inakula 80,000 vilevile.

Mauzo yakifika 400 je? Jibu ni 20, siyo 40! Hapa ndipo wengi wanapokwama: biashara ikichangamka wanarundika sukari, halafu hela ya kununulia unga haipo.

Ila kanuni hii inachukulia kwamba mauzo hayapandi wala kushuka. Ramadhani ikikaribia, iweke pembeni, fungua daftari la Ramadhani iliyopita.